Dume la Mzee Nyamhanga

Katika jengo letu la Bladensburg, kando ya Washington, kulikuwa na mtu mmoja aliyejulikana kwa uchoyo, na aliyemtangaza ni mimi. Jina lake Mzee Wambura. Alikaa ghorofa ya tatu pamoja na binti yake Ghati, juu kabisa ya kichwa changu, nami nilijua anaamka saa ngapi na anavaa viatu gani. Sikukuu ya Idi nikimwita aje kula pilau, anakuja mikono inaning'inia. Hata ndimu moja! Sisi watu wa Mombasa tumelelewa kwamba hubishi hodi nyumba ya mtu mikono mitupu, labda uwe umekwenda kuzima moto. Mume wangu Jabir, ambaye huona haya hata kwa niaba ya watu wengine, alikuwa akininong'oneza, "Sabiha, mwache mzee wa watu." Nami humjibu kwamba kumwacha nimemwacha, lakini macho ninayo.

Kilichonitatiza ni kuwa ukipanda wewe kwake, mambo yalikuwa mengine kabisa. Atakuwekea nyama, ugali, maziwa, atakukatia tunda, na ukisema umeshiba atakuuliza nani amekuudhi. Kwa hiyo uchoyo wake ulikuwa wa njiani tu. Nyumbani kwake alikuwa mkarimu, lakini akitoka mlangoni, mkono haukubeba kitu kwenda kwa mtu.

Alikuwa mtu wa Mara, Tanzania, mrefu wa kuinama mlangoni, na alikuja Amerika kama dereva wa ubalozi wao. Aliwaendesha mabalozi mjini Washington kwa miaka, na alipostaafu akabaki kwa bintiye, ambaye alikuwa muuguzi. Ustaafu haukumwachisha tai. Alifunga tai kwenda kutupa taka. Alipiga pasi kila kitu kilichokuwa bapa na vingine visivyokuwa bapa, na siku za baridi alikaa dirishani akitazama magari yanayopita kuelekea mtoni, akikosoa madereva kwa sauti ya chini.

Ghati kwangu alikuwa kama mdogo wangu wa tumbo moja. Majira ya baridi ya mwaka 1984 alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, na siku moja alikuja jikoni kwangu akakaa kitini na koti lake, akalia. Nilidhani ni mtoto. Kumbe ni jina la mtoto.

"Dada Sabiha, akiwa wa kiume nataka nimwite Nyamhanga, jina la babu. Mume wangu Dunstan hana neno, amesema jina lolote atakalokubali Baba. Baba hataki."

"Hataki kwa nini? Si babaake mwenyewe?"

"Ndiyo maana nalia. Kwetu mtu akifa, jina lake anapewa mtoto. Ukoo mzima hakuna aliyepewa hilo. Nimemuuliza Baba, babu alifanya nini? Haniambii. Anaondoka, anakwenda kupiga pasi."

Nilimwambia angoje, wazee hulainika wakimshika mjukuu. Akatikisa kichwa. Alisema kwao jina likikosa mtoto wa kulibeba, basi mwenyewe ndiyo kafa kweli, na kwamba yeye alimpenda babu yake ingawa hakuwahi kumwona. Niliumia kwa ajili yake, na nikamchukia Mzee Wambura kidogo. Uchoyo hadi wa jina, nikasema moyoni.

Januari ile mtambo wa joto ukaharibika. Ulikuwa chini ya jengo, mkongwe, ukikohoa tangu tulipohamia, na siku ulipozima tulivaa makoti ndani ya nyumba na kuwasha majiko ya kupikia tupate vuguvugu. Mkaguzi wa kaunti akaja, akashuka chini na tochi, akapanda akitikisa kichwa. Baada ya siku chache tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Jengo si salama kukaliwa. Mtambo usipotengenezwa, jengo litafungwa na wote tutoke mwisho wa Februari. Mwenye jengo, ambaye hatukuwahi kuiona sura yake, hakujishughulisha hata kutuma fundi. Likifungwa angeliuza likiwa tupu, kwa raha zake. Yeye ameharibu, sisi tufungashe.

Tukaandika barua ya malalamiko kwenda kaunti, wapangaji wote. Hatukutaka mengi. Tuliomba mwenye jengo alazimishwe kutengeneza na sisi tuachwe tukae. Ghati aliipiga taipu kazini kwake. Kaunti ikajibu kwamba tutasikilizwa, twende na mtu mmoja wa kutusemea.

Tulikutana sebuleni kwangu, kila mtu na koti lake, wengine na blanketi. Nilipita na chai ya tangawizi. Hakuna aliyejiuliza nani atasema. Wote tulimtazama mzee mmoja aliyekuja na tai.

"Mzee, wewe ume-drive mabalozi," Jabir akamwambia. "Wakubwa umewazoea. Tusemee, baba yetu."

Ndirangu wa ghorofa ya kwanza, Mkenya mwenzangu ingawa wa bara, akaongeza, "Ukweli, mzee. Sisi tukienda pale watatu-ignore tu. Lakini wewe ukisimama, mtu lazima akae vizuri."

Mzee Wambura alikunywa chai polepole. Sikuona kama amefurahi. Nikaona nimtie moyo.

"Na mie ntakaanga mahamri," nikasema. "Sinia zima, na mbaazi. Hatuwezi kwenda kumlilia mkubwa mikono mitupu, tuonekane hatuna adabu."

Akaweka kikombe chini. Alisimama, na nilidhani anaondoka, maana alishika kofia. Ghati akamwambia, "Baba, kaa." Akakaa. Kisha akasema, "Kama mtu atabeba kitu, mimi siendi."

Nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka mezani kwa kishindo. "Mzee Wambura, na uniwie radhi, lakini hili lako la kutobeba kitu limezidi. Lina nini?"

Halafu akatueleza, akimtazama Ghati peke yake, kama kwamba sisi wengine tulikuwa viti.

Alisema wakati wa Mwingereza ilitoka amri kwao kwamba ng'ombe ni wengi mno, wanamaliza majani, kila boma litoe wakauzwe mnadani. Watu hawakulala. Ng'ombe ndiye maziwa ya mtoto, ndiye mahari, ndiye wa kumaliza ugomvi. Wazee wakakubaliana wasiende na mikuki, waende na barua, wamlalamikie Gavana kupitia kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kizungu. Wambura alikuwa kijana wa kuoa, na katika boma lao yeye ndiye aliyesoma. Aliiandika barua. Baba yake, Mzee Nyamhanga, ndiye aliyechaguliwa kuipeleka.

"Baba akasema, hatuendi kwa mtawala na shida mikono mitupu," Mzee Wambura akaendelea. "Ndivyo alivyofundishwa. Kwa mkubwa unakwenda na kitu, ndipo unasikilizwa. Akaenda zizini akachagua dume jeusi lenye paji jeupe. Dume hilo lilikuwa la mahari yangu mimi. Nililishika kamba mwenyewe mpaka bomani kwa Bwana Shauri."

Bwana Shauri alitoka barazani, akawasalimia. Akaipokea barua akaiweka mfukoni. Akalitazama dume, akalipigapiga shingoni, akasema asanteni, akamwambia askari achukue kamba. Wazee walirudi nyumbani wakiimba. Mtawala ambaye amekula chako, walijua, hawezi kukusahau.

Juma lile lile Bwana Shauri akaitisha baraza la wilaya nzima. Akasimama akasema, tazameni watu wa Nyamhanga, hao ni watu wa akili. Wameikubali amri, na wameleta dume la kwanza kwa hiari yao. Na dume lenyewe lilikuwa pale pale, ndani ya uzio wa mnada, pamoja na ng'ombe wa kuuzwa. Kila mtu aliliona lile paji.

"Baba alisimama akasema hapana, Bwana, ile ilikuwa zawadi. Bwana Shauri akasema, basi kwa zawadi nakushukuru, na amri iko pale pale."

Hata Ndirangu, ambaye mguu wake haukujua kukaa, aliuacha ukatulia.

Ng'ombe walichukuliwa. Koo nyingine zikasema Nyamhanga ametuuza, amefungua mlango kwa dume lake. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Walichofanya ni kuacha kumwita. Wazee wakikutana, yeye hajui. Pombe ikiiva, mrija wake haupo chunguni. Alikaa hivyo mpaka akafa, na alipokufa, jina lake likakaa kama alivyokaa mwenyewe.

"Na wewe, Baba?" Ghati akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe pia ulisema ametuuza?"

"Mimi nilimwambia, Baba, umekosea. Barua ilikuwa inatosha, nilimwambia. Dume lako ndilo lililotumaliza." Akasugua magoti. "Sijabeba kitu kwenda mlangoni kwa mtu tangu siku hiyo. Na jina hilo, mwanangu, liache. Sitaki mtoto aanze maisha na kosa la mtu."

Nilitaka ardhi ipasuke nami niingie, na pilau zangu zote za Idi. Nilimwambia, "Mzee, hatutabeba kitu. Hata peremende." Wote wakaitikia. Akakubali kutusemea.

Sasa, mtu mmoja hakuwepo. Leokadia, Mtanzania wa Bukoba, mpangaji wa mlango unaotazamana na wangu, alikuwa kazini Oxon Hill, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulimpa habari kwamba shauri letu litasikilizwa lini na wapi. La kutobeba kitu, kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia.

Siku ilipofika tulikwenda ofisi za kaunti kwa teksi ya Jabir na gari la Ndirangu. Chumba kilikuwa cha kawaida, meza ndefu, bendera pembeni, na nyuma ya meza mama mmoja Mmarekani mweusi wa makamo, miwani imefungwa kwa mnyororo shingoni. Leokadia akaingia akihema, na sare yake ya kazi, mkoba kifuani. Akakaa mwisho wa safu.

Mzee Wambura alisimama. Kofia mkononi, tai imenyooka. Hakuharakisha. Alimweleza yule mama kwa Kiingereza chake cha ubalozi kwamba hatukuja kuomba msaada. Tunalipa kodi yetu, tunafagia ngazi zetu, watoto wetu wanasoma shule za hapa. Aliyeharibu hajaulizwa, na sisi tusioharibu tumeambiwa tutoke nje kwenye theluji. Tunaomba aliyeharibu atengeneze. Basi. Yule mama aliandika, akauliza maswali, akaandika tena. Nilijivuna kama vile ni baba yangu mzazi.

Ndipo Leokadia akainuka.

Alikwenda moja kwa moja mezani, akatoa mkobani kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa, akalisukuma mbele ya yule mama kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao. "From my mother," akasema. "For you, madam. For your work."

Nililijua kopo lile. Ndani mlikuwa na senene. Ni wadudu jamii ya panzi, huko Bukoba huja na mvua, na Wahaya wanawapenda kuliko pesa. Mama yake aliwanyonyoa mbawa mwenyewe, akawakaanga, akawatuma na msafiri. Leokadia alikuwa akila mmoja mmoja kwa heshima, na Krismasi alituonyesha kopo bila kutuonjesha. Leo kalileta lote.

Yule mama akafungua kifuniko. Akatazama ndani, na senene wakamtazama. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke, lakini niligeuka kumwangalia Mzee Wambura, na uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. Alikaa chini bila kutazama kiti kiko wapi. Ghati alimshika mkono, nami nikaona mzee ameanza kuutazama mlango.

Mama wa kaunti alirudisha kifuniko taratibu, akalisukuma kopo kurudi kwa Leokadia.

"Mshukuru mama yako," akasema. "Naona ni kitu cha thamani. Lakini siwezi kukipokea."

"Nimekosea?" Leokadia akauliza.

"Hapana, hujakosea. Kuleta si kosa. Ningekosea mimi kupokea, kwa sababu malalamiko yenu yako mbele yangu na sijayaamua. Anayesikiliza malalamiko hapokei kitu cha anayelalamika. Hilo ndilo la kwanza tunalofundishwa."

Mzee Wambura akasimama tena. Alishika mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Mama, tafadhali," akasema. "Sema tena."

Yule mama akamtazama. Nadhani aliona kwamba hakuulizwa kwa ajili ya kopo. Akavua miwani, akarudia neno kwa neno, polepole.

"Na sheria hiyo ni mpya?"

"Hapana, bwana. Ni ya zamani kuliko mimi."

"Waingereza nao wanayo?"

Akatabasamu kidogo. "Nyingi ya sheria zetu za namna hii tulizirithi kwao."

Mzee Wambura aliinamisha kichwa kumshukuru. Akakaa. Alisema kwa Kiswahili, si kwa sauti ya kunong'ona wala ya juu, "Kumbe alijua."

Yule mama alituambia tutapata jibu kwa posta, tukatoka. Kwenye korido, karibu na bomba la maji ya kunywa, Mzee Wambura alisimama akalia. Hakujificha wala hakufunika uso. Jabir akageukia ukutani. Mimi nililia naye.

"Alijua, Ghati," akasema. "Alijua hatakiwi kushika ile kamba. Angesema tu, mzee, rudi na dume lako, nitaisoma barua yako. Maneno hayo tu. Baba alifanya alivyofundishwa, na yule Bwana Shauri naye alifundishwa lake, akaliacha. Na mimi nikamwambia Baba ndiye amekosea. Nilimwambia mwenyewe, usoni."

Leokadia, maskini, hakuelewa hata moja. Alikuwa amekumbatia kopo, machozi yanamtoka. "Mzee, nisamehe. Nimeharibu kesi?"

"Hujaharibu, mama. Fungua hilo kopo."

Akachota senene wengi kwa mkono, yeye mtu wa Mara ambaye kwao hawali vitu hivyo, akatia kinywani, akatafuna huku bado analia. Akameza kwa shida. "Wana chumvi," akasema. Leokadia akacheka, nasi tukacheka, na mlinzi akatuomba tupunguze sauti.

Jibu lilikuja. Mwenye jengo aliamriwa kutengeneza mtambo, nasi tukaachwa tukae. Mafundi walikuja wakagonga chini siku kadhaa, na joto lilipopanda kwenye mabomba nilivua koti langu nikalitupa chooni kwa furaha, nikalazimika kulifua.

Ghati alijifungua wakati miti ya mtoni inachipua. Mtoto wa kiume. Aliniambia hospitali kwamba hajamuuliza baba yake habari ya jina, na hatamuuliza. Aliogopa jibu. Nilimwambia afanye hivyo hivyo, amwache mzee. Ajabu ya mimi kusema amwache.

Siku waliyorudi nyumbani nilisikia viatu vya Mzee Wambura vikishuka ngazi. Vikasimama mlangoni kwangu. Akabisha hodi. Nilipofungua nilimkuta amefunga tai, na mikononi amebeba mguu wa ng'ombe, mzima, umefungwa kwenye karatasi, mzito hadi mabega yamelala upande.

"Shikamoo, mzee. Nini hiki?"

"Marahaba, mama. Ni nyama. Nimeichukua kwa mchinjaji wenu, msiwe na wasiwasi." Akaupandisha mzigo kifuani. "Nimetumwa na Nyamhanga. Anasema mje mumwone."

Nikaupokea kwa mikono miwili, nikamwita Jabir avae shati.